Futi Sita za Kastilia

Mtu anayepanga safari ya garimoshi kuvuka mpaka wa nchi mbili hapangi peke yake. Anapanga pamoja na wafalme waliotia sahihi mikataba, wahandisi waliopima reli, askari waliofunga vizuizi na mawaziri walioviondoa. Wengi wao wamekwisha kufa zamani, lakini ndio wanaomwambia ateremke wapi, asubiri kwa muda gani na aonyeshe karatasi gani. Anayekwenda kwa ndege hupita juu ya hayo yote. Anayekwenda kwa garimoshi huyapitia moja baada ya jingine, hata kama amesinzia kitini.

Nimekuwa nikiyatafakari haya kwa miezi mitatu, tangu nilipoanza kupanga safari ya kutoka Paris kwenda Barcelona. Binti yangu anaishi Paris. Mdogo wake wa kiume anaishi Barcelona. Mimi ni mwalimu mstaafu, na ingawa miaka mingi ya mwisho ya kazi niliimaliza katika ofisi ya mwalimu mkuu, mazoea niliyoyapata chuo cha ualimu hayajaniacha. Chuoni tulifundishwa kwamba hakuna kuingia darasani bila andalio la somo. Basi nilichukua daftari, nikapiga mistari kwa rula, nikaandika juu ya ukurasa: Paris hadi Barcelona. Chini yake nikaweka safu tatu: njia, hati na gharama. Safu ya njia ndiyo iliyonipeleka mbali kuliko nilivyokusudia.

Kwa sura ya nje safari yenyewe ni nyepesi. Treni ya mwendo kasi huondoka stesheni ya Gare de Lyon mjini Paris, huteremka kusini hadi Nîmes, Montpellier, Narbonne na Perpignan, kisha huingia katika handaki la kilometa 8 na ushei chini ya milima ya Pyrenees na kutokea Hispania. Baada ya Figueres na Girona, abiria yuko Barcelona, stesheni ya Sants. Muda wote ni chini kidogo ya saa saba, na hakuna kubadili treni. Mzee mwenye magoti mabovu kama mimi angeweza kuishia hapo, akanunua tikiti na kutulia. Lakini nilitaka kujua kwa nini watu wa rika la baba yangu waliosafiri njia hii walilazimika kushuka mpakani na mizigo yao yote.

Mpaka wenyewe ni mkongwe. Tarehe 7 Novemba 1659 wajumbe wa Ufaransa na Hispania walitia sahihi Mkataba wa Pyrenees katika kisiwa kidogo kilichomo ndani ya mto Bidasoa. Kwa mkataba huo Hispania iliiachia Ufaransa jimbo la Roussillon pamoja na mji wake wa Perpignan, na sehemu ya bonde la Cerdanya. Watu wa pande zote mbili walikuwa wakisema lugha moja, Kikatalani, lakini hilo halikuwazuia wenye mihuri. Kuna jambo moja hapa ambalo ningependa kila mwalimu alijue. Makubaliano yaliyofuata mwaka 1660 yalisema kwamba vijiji 33 vya Cerdanya vitakuwa vya Ufaransa. Llívia haikuhesabiwa kuwa kijiji, kwa sababu ilikuwa na hadhi ya mji. Basi ikabaki mali ya Hispania, na mpaka leo imezungukwa na ardhi ya Ufaransa pande zote. Neno moja tu, kijiji au mji, liliamua watu wale wawe raia wa nani.

Neno liligawa ardhi. Baadaye kipimo kikaja kugawa njia. Mwaka 1844, kabla Hispania haijajenga reli hata moja katika ardhi yake ya Ulaya, serikali iliwataka wahandisi wake washauri masharti ya kazi hiyo. Juan Subercase na wenzake wawili walipendekeza kwamba reli mbili zitengane kwa futi sita za Kastilia, yaani sentimita 167 hivi. Waingereza, kwa kumfuata George Stephenson, pamoja na Wafaransa, walikuwa wakitumia sentimita 143.5. Tofauti ni sentimita 24 hivi, pungufu ya urefu wa rula ya mwanafunzi wa shule ya msingi. Niliiweka rula yangu juu ya daftari, nikaitazama kwa muda. Kwa urefu huo mdogo, vizazi vya watu viliteremshwa usiku wa manane na watoto wao mgongoni.

Ukiuliza sababu, wengi watakuambia kwamba Wahispania waliogopa kuvamiwa. Napoleon alikuwa ameiingilia nchi yao mwaka 1808, basi wakaona heri reli zao zisilingane na za Ufaransa, ili adui asipate njia ya kupitishia majeshi. Hadithi hiyo ni tamu, na hadithi tamu haina haja ya ushahidi. Lakini ripoti ya 1844 haisemi hivyo. Sababu waliyoitoa wahandisi ni ya kiufundi. Nchi yao ni ya milima. Milima huhitaji injini zenye nguvu. Injini yenye nguvu huhitaji boila kubwa. Na boila kubwa, kwa maarifa ya siku zile, lilihitaji reli pana. Hawakuwa wajinga, wala hawakuwa waoga. Walitatua tatizo lililokuwa mbele ya macho yao, na jirani hakuwamo katika hesabu, maana reli ya jirani ilikuwa bado mbali na mpaka. Katika miaka yangu ya kufundisha historia nimeona hivyo mara nyingi: madhara mengi hayatokani na uadui, hutokana na kutomfikiria aliye ng'ambo.

Matokeo yalionekana mwaka 1878, reli za nchi hizo mbili zilipokutana kando ya bahari ya Mediterania. Stesheni ya mwisho ya Ufaransa ni Cerbère. Ya kwanza ya Hispania ni Portbou. Kati yao pana kilima na handaki. Vijiji viwili vidogo vya pwani vikajengewa stesheni kubwa kupita kimo chao, kila moja ikiwa na reli za vipimo vyote viwili. Utaratibu ukawa huu: treni ya Ufaransa huvuka na kuishia Portbou, na treni ya Hispania huvuka na kuishia Cerbère. Abiria hushuka, hupita forodhani, kisha hupanda treni nyingine upande wa pili wa stesheni. Huyo ana miguu. Bidhaa hazina miguu. Machungwa ya Hispania yaliyokuwa yakipelekwa kaskazini yalihamishwa kutoka behewa hadi behewa na wanawake wa Cerbère, kapu baada ya kapu. Mwaka 1906 wanawake hao waligoma wakidai nyongeza ya ujira. Hesabu iliyopigwa mezani na wanaume watatu mwaka 1844 ilikuwa imeishia mikononi mwa akina mama ambao hawakuulizwa lolote.

Mpaka huo haukuwatesa wenye mizigo peke yao. Barcelona ilipoanguka mikononi mwa majeshi ya Franco tarehe 26 Januari 1939, watu karibu nusu milioni walikimbilia Ufaransa katika muda wa majuma machache, wengi wao kwa miguu, na wengi wakaishia katika kambi za mchangani kama ile ya Argelès-sur-Mer. Mwaka uliofuata wakimbizi walikuja kutoka upande wa pili. Septemba 1940 mwandishi wa Kijerumani aliyekuwa Myahudi, Walter Benjamin, akiwakimbia Wanazi, alivuka vilima kwa miguu na kuteremkia Portbou. Alikuwa na viza ya kuingia Marekani. Hakuwa na kibali cha kutoka Ufaransa. Polisi wa Hispania walimwambia kwamba atarudishwa, na usiku huo akafa katika hoteli pale pale mjini. Wengi wanaamini kwamba alijiua. Tangu niliposoma habari hiyo, safu ya hati katika daftari langu naijaza kwa kalamu ya wino.

Hata baada ya vita kuu mpaka ulifungwa tena. Tarehe 1 Machi 1946 Ufaransa iliufunga kwa kuupinga utawala wa Franco, na haukufunguliwa hadi Februari 1948.

Dawa ya reli ilipatikana polepole. Kampuni ya Talgo ya Hispania ilitengeneza magurudumu yanayosogea: behewa likipita taratibu juu ya mtambo uliowekwa mpakani, magurudumu yake hujisogeza ndani au nje mpaka yalingane na reli ya mbele. Juni 1969 treni ya namna hiyo ilianza kwenda kati ya Barcelona na Geneva, na mwaka 1974 ikafuata ya usiku kati ya Barcelona na Paris. Sasa mtu aliweza kupita njia hiyo akiwa amelala. Kisha, mwaka 1992, Hispania ilipofungua reli yake ya kwanza ya mwendo kasi, kutoka Madrid hadi Sevilla, iliziacha futi sita na kutumia kipimo cha majirani. Handaki la Pyrenees lilianza kutumika Desemba 2010. Kipande cha Barcelona hadi Figueres kilifunguliwa Januari 2013, na tarehe 15 Desemba mwaka huo treni za mwendo kasi za moja kwa moja kati ya Paris na Barcelona zikaanza. Tangu ripoti ya 1844 ni miaka 169.

Linganisha na mpaka wa sheria. Hispania ilitia sahihi kujiunga na makubaliano ya Schengen mwaka 1991, na tarehe 26 Machi 1995 nchi saba, zikiwemo Hispania na Ufaransa, ziliacha kukagua pasipoti kati yao. Kazi iliyoshinda chuma kwa karne moja na nusu ilifanywa na kalamu kwa miaka minne. Lakini kalamu huandika na hufuta. Novemba 2015, mwezi wa mashambulizi ya Paris, Ufaransa ilirudisha ukaguzi mipakani, ikauongeza muda mara kwa mara. Ndiyo maana nimeandika katika daftari: viza moja ya Schengen inatosha kwa nchi zote mbili, na inaombwa kwa nchi utakayokaa zaidi, hata hivyo pasipoti iwe mfukoni, isiwe ndani ya begi, maana polisi wanaweza kupanda treni.

Katika safu ya gharama nimegundua mpaka wa tatu, wa biashara. Mashirika ya reli ya nchi hizi mbili yalikuwa yakiendesha treni zao za mwendo kasi kwa ubia hadi Desemba 2022, ubia ukavunjika. Tangu Julai 2023 shirika la Hispania limekuwa likipeleka treni zake lenyewe hadi Lyon na Marseille. Mpangaji wa safari hana budi kuuliza nauli kwa wauzaji wawili, kila mmoja akijifanya hamjui mwenzake.

Msomaji wa kwetu asiwacheke watu wa Ulaya. Reli yetu ya Kati ya zamani ina upana wa mita moja. Reli ya TAZARA ina milimita 1,067, ili ilingane na reli za Zambia na za kusini zaidi. Tofauti haifiki sentimita saba, kama upana wa vidole vinne, na kwa vidole hivyo vinne shehena huhamishwa pale Kidatu, kama machungwa ya Cerbère. Reli mpya ya kisasa iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 ina milimita 1,435. Nchi moja, vipimo vitatu.

Lakini lipo jambo jingine la kwetu ambalo limenisumbua zaidi. Reli iliyotoka Voi, ikapita Taveta na kuungana na reli ya Moshi, ilikuwa na mita moja mwanzo hadi mwisho. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, na ulikaa hivyo hadi Novemba 1983. Nilikuwa mwalimu kijana mkoani Kilimanjaro. Darasani mwangu walikuwamo watoto wenye mashangazi na babu upande wa Taveta, safari ya muda mfupi tu, na mmoja wao alikaa mbele yangu siku ambayo babu yake alikuwa akizikwa ng'ambo. Reli zililingana milimita kwa milimita. Kule Pyrenees nia ilikuwepo, chuma kikakataa. Huku kwetu chuma kilikubali, nia ikakataa. Kama ningeulizwa kipi ni kigumu zaidi kurekebisha, kabla ya safari hii ningejibu chuma. Sasa sina hakika.

Sina hakika kwa sababu ya watoto wangu wawili. Wamenyonya ziwa moja, wamelala kitanda kimoja, wamesoma shule moja. Tangu mazishi ya mama yao mwaka 2016 hawajaketi meza moja. Siku za matanga yalisemwa maneno juu ya nani alimuuguza na nani alituma fedha tu. Sitayarudia hapa, ila nitasema kwamba ukiyapima hayazidi ile rula yangu. Kila Jumapili hunipigia simu, mmoja asubuhi, mwingine jioni, na kila mmoja kabla ya kuaga huniuliza, kana kwamba amekumbuka tu, "Na yule hajambo?" Nami hujibu kwamba hajambo. Nimekuwa Kidatu, nikipokea shehena huku na kuipakia kule.

Nilipomweleza binti yangu mpango wa treni alishangaa. "Baba, panda ndege," aliniambia. "Ni chini ya saa mbili, na uwanjani watakusukuma kwa kiti cha magurudumu. Mimi nitakufikisha hadi mlangoni."

"Mwanangu," nikamjibu, "ndege itanifikisha kwako, na hiyo inanitosha. Kutoka hapo nataka kuiona ile reli niliyoisoma. Peke yangu siwezi. Lugha siijui, na magoti yangu unayajua."

Alikaa kimya kwa muda mrefu, hata nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza tikiti zinaanza kuuzwa lini.

Basi mpango umekamilika. Kwenda tutapita njia mpya, mimi na yeye, bila kushuka, kwa saa zile saba pungufu. Huo ni muda wa kutosha kwa baba na binti kuzungumza au kunyamaza pamoja. Kurudi nimechagua njia ya zamani. Kutoka Barcelona bado ziko treni za kawaida zinazopita Girona na Figueres hadi Portbou, na kuvuka hadi Cerbère, juu ya zile futi sita za Subercase. Kijana wangu nimemkumbusha kwamba kwetu mgeni husindikizwa, sembuse mzazi, naye amekubali kutusindikiza hadi mpakani. Pale Cerbère treni ya Hispania inaishia, na ya kwenda Perpignan inaanzia. Itatubidi sote watatu tushuke. Yeye atachukua begi langu, dada yake atanishika mkono, na tutaketi kwenye benchi la stesheni tukiingoja treni ya Ufaransa. Nimeipitia ratiba mara kadhaa kwa kalamu. Kati ya treni zote za siku ile, nimechagua zile mbili zinazomfanya abiria angoje kwa muda mrefu kuliko zote.